Jina la Kununua: Kisa cha Filamu, Kaburi na Sekunde Nne

Kisa hiki nawaandikia wenzangu wanaoongoza na kuhariri filamu za maisha ya kweli, hasa wale wanaoingiza kamera katika nyumba za watu waliohama. Mimi nilikuwa mhariri wa filamu yenyewe. Majina nimeyaondoa, mji lilipokuwa duka la familia sitautaja, na mambo kadhaa ya ukoo nimeyageuza ili wenyewe wasitambulike. Mfuatano wa matukio sijaugusa.

## Usuli

Filamu ilipangwa iwe ya dakika 26. Mwongozaji ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa California, kizazi cha tatu. Babu yake alifua nguo za watu kwa miaka mingi, halafu akafungua duka la vyakula. Alishafariki. Bibi mzaa baba alikuwa hai, anaelekea miaka 90, akili timamu na ulimi mkali. Nyumbani kwao wanasema Kitoisan, lugha ya Taishan katika jimbo la Guangdong, walikotoka Wachina wengi wa mwanzo waliokwenda Marekani. Mwongozaji anakisikia nusunusu. Kusoma Kichina hajui kabisa. Shikeni hilo la kusoma.

Andiko la kuombea fedha lilisema filamu itahusu utambulisho. Mfadhili alilipenda, hasa ukurasa mmoja: mtoto anafungua kontena la chakula shuleni, wenzake wanaziba pua. Kipande hicho nimeshakihariri katika filamu tatu za watu watatu tofauti, na nimefika mahali pa kuisikia harufu kabla mfuniko haujafunguliwa. Nilinyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa ya watu.

Ili kisa kieleweke, lazima nieleze habari ya karatasi.

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Wafanyabiashara, wanafunzi, walimu na wanadiplomasia waliruhusiwa. Mtu wa jasho hapana. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu, katika shauri la Wong Kim Ark, ikaamua kwamba Mchina aliyezaliwa Marekani ni raia. Kisha tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi na moto vikaiteketeza San Francisco pamoja na kumbukumbu za serikali. Kama vitabu vya vizazi vimeungua, nani atakukatalia ukisema ulizaliwa hapa? Wanaume wengi wakajiandikisha kuwa wazaliwa. Raia wa namna hiyo akienda China kumwona mkewe, akirudi anatangaza kwamba amepata mtoto wa kiume. Pengine kweli amepata, pengine hakuna mtoto. Nafasi imeshaandikwa kwenye faili la uhamiaji, nayo inauzika. Kijana wa kijiji cha jirani anainunua, anachukua jina la ukoo la muuzaji, na kuanzia siku hiyo ni mwanawe kwenye karatasi.

Msomaji aliyewahi kukaa Uingereza na Watanzania wenzake hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Tunalo neno letu, kujilipua: kufika mlangoni, kuacha nchi yako na mara nyingine jina lako nje, kisha kuingia na hadithi ya mtu mwingine. Na neno makaratasi, kila mtu wa ughaibuni anajua uzito wake. Wazee wa Taishan nao walisema hivyo hivyo: kununua karatasi.

Babu alinunua yake akiwa na miaka 13, katika miaka ya 1930. Alishushwa Angel Island, kisiwa kilicho ndani ya ghuba ya San Francisco, ambako kuanzia 1910 hadi 1940 wahamiaji walizuiliwa na kuhojiwa. Mtoto huulizwa nyumba yao ina ngazi ngapi, kisima kiko upande gani, nani anakaa nyumba ya tatu katika safu ya pili, pipa la mchele linawekwa wapi. Kisha baba yake wa karatasi huulizwa maswali yale yale katika chumba kingine. Majibu yakipishana, meli ya kurudi inasubiri. Wengi walikariri majibu safarini kutoka kwenye vijitabu, wakavitupa baharini kabla ya kufika.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1943, nafasi zikatolewa 105 tu kwa mwaka. Mwaka 1956 serikali ikaanzisha mpango wa kukiri: sema jina lako la kweli, huenda ukasamehewa. Zaidi ya watu 13,000 walikiri. Ubaya wake ni kwamba anayekiri hukiri na ya wenzake. Baba wa karatasi, ndugu wa karatasi, wote wanaanguka naye. Babu hakukiri. Alikuwa amepigana vita vya pili katika jeshi la Marekani, amemleta mke, ana watoto shuleni. Akakaa na jina la kununua mpaka kufa, na wajukuu wanalo mpaka leo.

Haya yote, wakati tunaanza kupiga picha, mwongozaji hakuyajua kwa upande wa familia yake. Aliyajua kama historia ya watu wengine.

## Siku ya makaburi

Ilikuwa Aprili, msimu wa Ching Ming, Wachina wanapokwenda kusafisha makaburi. Familia ilikwenda Colma, mji mdogo kusini mwa San Francisco ambako marehemu ni wengi kuliko wakazi. Walibeba ndoo, brashi, machungwa, kuku mzima wa kuchemsha na debe la kuchomea pesa za karatasi za kuwatumia wafu. Bibi alibanwa maikrofoni ndogo chini ya kola ya sweta.

Picha ghafi zilinifikia baada ya siku mbili. Kuna mahali kamera inasogea kuelekea jiwe la kaburi, bibi na shangazi wanasimama, brashi inabaki hewani. Wanazungumza kwa sauti ya chini. Sekunde 41. Kisha bibi anapiga hatua mbili na kusimama mbele ya jiwe, mgongo kwa kamera, kana kwamba anapanga machungwa. Machungwa yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Mkalimani wetu, kijana msemaji wa Kikantoni cha Hong Kong, alikuwa ameandika mahali hapo: "hayasikiki vizuri." Sikumlaumu, Kitoisan na Kikantoni ni ndugu wasioelewana sana. Mimi mwenyewe sijui neno hata moja. Lakini nimekulia katika nyumba ambayo watu wazima wakitaka kupitisha jambo juu ya vichwa vya watoto hushusha sauti na kuendelea na kazi ya mikono. Yule mama alikuwa anaficha kitu, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Tulimtafuta mzee mmoja wa Taishan, mpishi mstaafu. Akasikiliza mara mbili, akavua spika za masikioni na kuuliza kwanza swali ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza: "Hawa wanajua kwamba kinasa sauti kilikuwa wazi?" Halafu akatafsiri.

Bibi: Mwambie asilipige jiwe. Jina liko pale.

Shangazi: Hajui kusoma.

Bibi: Wako wanaojua.

Jiwe lilikuwa na majina mawili. Kwa herufi za Kilatini, jina la ukoo ambalo familia nzima inalitumia. Kwa maandishi ya Kichina, jina jingine kabisa. Ukipita kwenye makaburi ya zamani ya Wachina wa California utayaona mawe mengi ya namna hiyo: serikali imepewa jina lake, mababu wamepewa lao. Mjukuu alikuwa amesimama mbele ya jiwe hilo kila mwaka tangu utotoni.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulituletea ugomvi. Mwongozaji alitaka kurudi kwa bibi na kamera, amuulize, apate ule uso wa mara ya kwanza. Namwelewa, kila mtu wa kazi hii anaujua uchu huo. Mimi na mtayarishaji tulikataa. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza, bibi ameisaini baada ya baba mkubwa kumweleza kwa sentensi mbili kwamba ni filamu ya duka. Hakuridhia filamu ya jina. Na mazungumzo yale tuliyapata kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuzima maikrofoni.

Akaenda bila kamera, pamoja na shangazi. Mara tatu bibi alisema hajui kinachozungumzwa. Mara ya nne alikuwa anakunja karatasi za dhahabu za kuchomea wafu, akalitaja jina bila kuinua macho, kisha akaendelea kukunja. Baadaye akatoa sharti. Uso wake tuupige tupendavyo, kwani, alisema akicheka, vibibi vya Kichina nani anavitofautisha. Jina hapana. Lile la kweli hapana, na lile la kununua hapana.

Mtayarishaji alimwona mwanasheria wa uhamiaji. Jibu lilikuwa kwamba hatari ni ndogo sana lakini asingeandika barua ya kusema haipo. Ilikuwa miezi michache tu tangu idara ya uhamiaji, mwaka 2018, itangaze kufungua ofisi Los Angeles ya kupekua faili za watu wanaoshukiwa kupata uraia kwa udanganyifu. Wajukuu waliona hofu ya bibi ni mambo ya kale. Yeye alikuwa anasikiliza redio.

Uamuzi mwingine ndio ulioipa filamu uti wa mgongo. Faili za mahojiano ya Angel Island zipo katika Nyaraka za Taifa, tawi la San Bruno. Mwongozaji akaomba faili la babu. Ndani kuna picha ya mtoto mwenye koti lililomzidi mabega, na kurasa kwa kurasa za maswali na majibu. Mtoto alikosea pipa la mchele. Alisema liko jikoni, baba wa karatasi akasema liko karibu na mlango wa chumba cha kulala. Wakamrudisha chumba cha mahojiano mara mbili, wakamweka kisiwani zaidi ya mwezi.

Tukafanya hivi. Mwongozaji akakaa na bibi mezani, akawa anasoma maswali ya afisa moja baada ya jingine. Bibi akajibu, lakini kwa nyumba ya kweli, ile aliyoolewa ndani yake akiwa na miaka 17.

Ngazi ngapi? Haikuwa na ngazi, ilikuwa na kizingiti, na kilikuwa kimelika katikati. Kisima? Mbali, na maji yake mabaya mwezi wa sita. Jirani? Mjane aliyekopa chumvi bila kurudisha. Pipa la mchele? Hapo alisimamisha mikono. Hatukuwa na pipa, alisema. Mchele wenyewe ulikuwa wapi?

Dakika sita nzima, na jina halikutajwa hata mara moja. Sijawahi kuhariri kitu bora kuliko hicho, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutogusa.

Mengine yalikwenda haraka. Kipande cha chakula cha shule kilitoka. Taa nyekundu za karatasi na zeze la Kichina tulikubaliana mapema havitaingia. Mfadhili alinung'unika, akataka walau sauti ya mwongozaji mwanzoni. Akapewa nusu dakika.

## Kosa

Tulibaki na shoti ya jiwe. Ilikuwa nzuri mno: majani yaliyokatwa yamegandia kwenye graniti iliyolowa, mkono wa bibi unapita na brashi. Sekunde nne. Nikaziba herufi za Kilatini kwa ukungu, taratibu, fremu kwa fremu, nikaona nimefanya kazi ya heshima. Maandishi ya Kichina nikayaacha. Mwongozaji aliyaona akaridhika, mtayarishaji akaridhika, mpigapicha akasema yanaonekana maridadi.

Katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua kusoma Kichina.

Filamu ikaonyeshwa kwanza katika ukumbi wa jumuiya, watu kama sitini, wengi wazee. Walicheka penye mjane wa chumvi, na penye mchele walinyamaza. Tulirudi nyumbani tumefurahi. Asubuhi yake simu ya baba mkubwa ikalia. Mzee mmoja wa chama cha ukoo alilisoma jiwe, akapiga simu kwa nia njema kabisa: kumbe ninyi ni wa kwetu! Miaka yote hiyo mmekaa upande wa pili wa barabara!

Baba mkubwa hakuona nia njema. Aliona wazazi wake wamevuliwa nguo mbele ya watu, kwa mkono wa mjukuu wao wenyewe. Akaondoa ridhaa yake kwa barua. Tukaitoa filamu katika maonyesho mawili yaliyokuwa yamepangwa, na ada ya kuingia haikurudi.

## Matokeo

Miezi mitano ilipita kabla ya mkutano wa familia. Shoti ya jiwe ilikatwa, pahali pake pakawekwa mkono na ndoo. Fomu mpya ikaandikwa kwa Kichina, ikasomwa kwa sauti kwa Kitoisan na yule mpishi mstaafu, kila kifungu na jibu lake. Filamu sasa ni ya dakika 24, inaonyeshwa kwa mwaliko tu, televisheni na mtandao hapana. Baba mkubwa alisaini, lakini kwenye onyesho jipya hakuja.

Bibi ndiye aliyetushangaza. Hakumkasirikia yule mzee wa simu. Alisema anamfahamu tangu zamani, na kwamba naye jina lake linahitaji kuulizwa mara mbili. Walikuwa wamepeana shikamoo dukani, kwa namna yao, zaidi ya miaka arobaini.

## Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kwenye kosa la kiufundi: mngeziba pande zote mbili. Ni kweli, na ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini ukungu uliwekwa kwa kumfikiria mtazamaji fulani. Nilipoketi kuziba herufi, mtu niliyemwona kichwani kwenye kiti cha ukumbi alikuwa asiyejua Kichina. Kwake maandishi yale ni pambo. Nilikataa taa nyekundu mlangoni, nikaingiza pambo lile lile kwa dirisha la nyuma, tena likiwa jina la ukoo wa mtu. Tulilificha jina kwa wasiolijali, tukaliacha wazi kwa wale peke yao ambao bibi aliwaogopa.

Na tulikuwa tumeambiwa. "Wako wanaojua." Maneno hayo nilikuwa nimeyasikiliza labda mara ishirini wakati wa kupanga tafsiri. Niliyachukua kama malighafi ya filamu. Hayakunijia kama maagizo.

Tabia hii ina mizizi mirefu. Filamu kubwa za Marekani kwa miongo mingi zilitengenezwa kana kwamba Mchina hatakaa ukumbini. Mwaka 1937, katika filamu ya wakulima wa China iliyopata sifa kubwa, mke wa mkulima aliigizwa na Luise Rainer, Mjerumani, huku Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, akiachwa. Watengenezaji wa Kichina wenyewe walikuwepo tangu mapema. Hapa Oakland, Marion Wong alitengeneza filamu ndefu mnamo 1916 akiwatumia jamaa zake kama waigizaji, na haikupata msambazaji. Kwa hiyo mjukuu anaposhika kamera leo, anairithi pamoja na mtazamaji aliyekwisha kuketishwa ndani yake. Andiko la mfadhili limemlenga yeye, na kipande cha chakula cha shule kipo ili yeye ahurumie. Kuwa mwana wa familia hakumwondoi mtazamaji huyo kichwani. Mwongozaji wetu alikuwa wa damu, na bado alisimama mbele ya jiwe kama mgeni.

Kilichofaa, nadhani, ni yale maswali ya mezani, na sababu naiona moja. Maswali yalitungwa na serikali ili kumnasa mtoto. Kuyapeleka kwa bibi kuliyageuza kazi, naye akawa ndiye mwenye majibu. Tena hakuna aliyemwomba aeleze yeye ni nani. Aliulizwa mchele ulikuwa wapi.

Kwenda bila kamera nako kulifaa, ingawa tulipoteza uso wa mara ya kwanza. Niliwahi kuulizwa kama najuta. Siku nyingine najuta.

Ukalimani ulituangusha mapema, na hilo ni la bajeti. Tulimlipa mtu wa lugha ya jirani kwa sababu alikuwa anapatikana. Ni sawa na kumpa Mswahili wa Lamu sauti za Wangazija na kumwambia atafsiri, si zote za Kibantu? Atashika mengi, lakini palipo na siri hatapashika. Mpishi mstaafu alitukomboa hata katika wazo jingine tulilolipenda: kuiacha sauti ya makaburini ndani ya filamu bila maandishi ya tafsiri, iwe fumbo. Akauliza, fumbo kwa nani? Tukaiondoa. Inaniuma kwamba swali hilo hilo hatukulihamishia kwenye jiwe, wiki tatu baadaye.

Sauti yenyewe, zile sekunde 41, bibi alitaka ifutwe. Shangazi alikuja chumba cha kuhariri na flashi, nikamnakilia yake, kisha nikafuta kwenye diski zote mbili mbele yake. Alinitazama nikibonyeza. Halafu akauliza, kwa Kiingereza safi, kama lile pipa la taka la kompyuta nalo nimelimwaga.

Nilikuwa sijalimwaga.